Dada Yangu Aliizuia Meza ya Bwana

Nimechoka kusikia watu wakimsema dada yangu Lovina. "Yule mama aliyeizuia Meza." Wanamtaja hivyo hadi mnadani, mbele ya Waingereza, yaani hao majirani zetu wa magari na umeme, ambao Meza yenyewe wala hawaijui. Basi niacheni niseme mimi, Dena, mdogo wake, niliyekaa naye benchi moja muda wote huo. Nikisema kwa ukali mnivumilie. Upole kwetu waligawiwa wengine, mimi nilifika sufuria imekwisha kusuguliwa.

Sisi Waamishi, Wakristo wa farasi na taa za mafuta, wa Bonde la Chini huku Ohio, Marekani, tunaandaa Meza ya Bwana majani yanapochipua na tena yanapopukutika. Wiki mbili kabla, wote waliobatizwa wanakaa Baraza. Mahubiri yanaanzia kwa Adamu na kushuka polepole mpaka viuno vinauma, kisha shemasi anapita upande wa wanawake, benchi kwa benchi, anamwinamia kila mmoja na kumuuliza kama ana amani na Mungu na watu. Unajibu, "Ninayo." Anakwenda kwa mwingine. Akipatikana mmoja asiye nayo, kanisa zima linakaa bila mkate na bila divai mpaka apatane. Na akizidi kukataa, anatengwa. Akitengwa, hata mumewe hali naye meza moja. Anawekewa ya pembeni, kama mgonjwa wa surua.

Kwa hiyo watu hujibu upesi. Nimewasikia wanawake wasiosalimiana kwa ajili ya kuku wakisema "ninayo" huku midomo wameikunja. Ninayo, ninayo, ninayo, twende tukale. Hata mimi nilikuwa nikisema.

Lovina alikuwa na binti mmoja tu kati ya wavulana, jina lake Iva. Shemasi wetu, Mahlon Schrock, kazi yake ni kununua farasi waliostaafu mashindano, kuwafundisha kuvuta kigari na kuwauza. Kiangazi kile alimuuzia Ervin, mume wa Lovina, farasi jike mwekundu, mzuri kwelikweli. Nilikuwepo, nimeshika ndoo ya maji. Mahlon alimpigapiga yule jike shingoni akasema, "Huyu hata mtoto anamwendesha. Malori si kitu kwake." Kwetu neno la shemasi halipimwi. Majani yalipokuwa yanaisha kupukutika, Meza ya msimu ule tumeshaila, Iva alikuwa njia panda, anamwendesha yule jike kupeleka mayai, lori la maziwa likafunga breki kwa mfoko wa upepo, jike akachomoka. Kigari kilipinduka mtaroni. Iva alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa anashona shuka za nyumba yake mwenyewe.

Mahlon alipiga magoti mbele ya kanisa. Alisema, "Nilikosa uangalifu katika biashara yangu, naomba uvumilivu wa Mungu na wa kanisa." Alilia. Tukasimama kuonyesha kwamba tumesamehe, akapewa mkono na busu la amani, akapumzishwa kazi wiki kadhaa, akarudishwa. Na kwetu jambo likishaungamwa limezikwa. Anayelitaja ndiye mkosaji sasa. Hapo ndipo damu yangu inapochemka! Mahlon aliinuka magotini msafi, na Lovina aliyezika mtoto ndiye akawa mtu wa kuchungwa asije akafungua mdomo. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Uangalifu gani? Uliukosaje? Sisi hatuulizi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Ervin alikuwa ameshasamehe kabla jeneza halijapigwa misumari. Simsemi vibaya shemeji yangu. Ni mtu ambaye ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Lakini kila alipomwambia mkewe, "Mama, tumwachie Mungu," nilitamani kumrushia kitu.

Baraza la kwanza baada ya msiba, la majani kuchipua, lilikaliwa kwenye banda la akina Elva, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Mahlon, shemasi huyohuyo, alipita akiuliza. Alipofika benchi letu alimwinamia Lovina, na shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Dada Lovina, una amani na Mungu na watu?"

"Sina."

Mahlon alidhani hakusikia vizuri. Aliinama zaidi.

"Una amani?"

"Nimesema sina, Mahlon. Ningekuwa nayo ningekwambia. Uongo ndani ya Baraza siusemi."

Walinong'ona upande wa wanaume, wakanong'ona upande wetu, askofu akakohoa, na Meza ikaahirishwa. Siku ile mkate wa siagi ya karanga tunaokula baada ya ibada ulitafunwa kimya kimya, na ulipofika wakati wa kuosha vyombo ndimi zikafunguka.

"Yaliyopita si ndwele," Elva alisema, anasugua birika la kahawa kana kwamba limemkosea. "Tugange yajayo. Watoto wangapi wamekufa bonde hili? Mbona mama zao wanakula Meza?"

"Wako wewe wamekufa wangapi?" nikamuuliza.

"Wangu? Mungu ameniepusha."

"Basi suuza birika."

"Dena, huo ulimi wako utakupeleka pabaya."

"Nipo pabaya tayari. Nipo jikoni kwako."

Majuma hayakupita mengi, askofu akaja nyumbani kwa Lovina. Nanyi mnajua desturi: anayekwenda na askofu kumwonya mkosaji ni shemasi. Mahlon! Nilimwona akifunga farasi uani, kidogo nifunge mlango kwa ndani. Hivi watu hawa hawaoni haya? Lovina akaniambia kwa upole, "Weka kahawa." Nikaweka, ila ya Mahlon sikuitia sukari.

Askofu Enos ni mtu mwema, ndiyo maana ananiudhi zaidi. Mwema anapokosea huwezi hata kumtukana ukaridhika.

"Dada Lovina," akaanza, "Ukristo ni kukua. Mtu anakua katika neema mwaka hata mwaka, hadumai. Nakuonea huruma, lakini wewe umedumaa pale kaburini."

"Ndugu Enos, kwenda nakwenda," Lovina alijibu. "Ninachokataa ni kusema nimefika."

"Na utafika lini?"

"Mahindi yako ukishayapanda, unayafukua kila asubuhi kuangalia kama yameota?"

Enos alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Kanisa haliwezi kukaa bila Meza kwa ajili ya mtu mmoja. Nakusubiri mpaka Baraza la majani kupukutika. Ukisema tena huna, itabidi tufuate desturi. Nawe unaijua."

"Naijua."

"Ervin ataumia sana."

"Ervin naye anaijua."

Na Mahlon? Alikuwa ameshika shavu, anaitazama kahawa yake chungu. Walipoondoka nilisema mengi ambayo hayafai kurudiwa, na Lovina alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanipa kitambaa nifute meza.

Walimwita amedumaa. Mimi ndiye shahidi kwamba haikuwa kweli, kwa sababu nilikuwa nakwenda kumsaidia kukamua asubuhi, na asubuhi moja, kichwa ameegemeza ubavuni mwa ng'ombe, aliniambia bila kugeuka:

"Namwombea Mahlon."

"Mungu wangu! Unamwombea nini? Afe?"

"Mwanzoni hata jina lilinishinda. Mdomo ulikataa kabisa, Dena. Basi nikaanza na ng'ombe wake. Ng'ombe hawakunikosea. Nikasema, Bwana, ng'ombe wa Mahlon wasipate ugonjwa wa kiwele."

"Halafu?"

"Ng'ombe wakaniishia. Nikahamia kwa Saloma mkewe. Saloma alikuwa mgumu kidogo kuliko ng'ombe."

Nilicheka bila kupenda. "Na sasa?"

"Sasa nimefika kwenye jino. Si uliliona lile shavu? Namwombea jino lipone. Kupita hapo sijaweza. Nikitaka kuuombea moyo wake namwona Iva na kikapu chake cha mayai, nafunga mdomo."

"Mimi ningeacha lioze, na taya lake lote."

"Hata mimi, wakati wa theluji, ningeacha lioze," alisema, akaendelea kukamua.

Basi huko ndiko kukua, kama hamjapata kukuona. Hakuna aliyekuja kuhubiri habari zake, hakuna aliyesimama kupongeza. Mwanamke alitoka kwenye kiwele akafika kwenye jino, na njia ile aliitembea akiwa na mawe kifuani, huku wenye miguu mizima wakimwambia ana uvivu! Nikifikiri mpaka leo natamani kuvunja kitu.

Lakini nami niliogopa. Majani yalipogeuka rangi, usingizi wangu ukapungua. Asubuhi ya Baraza tulitembea pamoja kwenda ilikokuwa ibada, nikamshika mkono katikati ya barabara.

"Dada, nakusihi. Sema ninayo. Ni neno moja tu! Kila mtu analisema."

"Najua kila mtu analisema."

"Watakutenga. Ervin ataambiwa asile na wewe. Wanao wataona mama yao amewekwa pembeni nyumbani kwake mwenyewe. Kwa ajili ya neno moja?"

"Dena, nikimdanganya Mungu ili nile mkate wake, nitakuwa nimekula nini?"

"Utakuwa umekula pamoja na sisi!" nikapiga kelele. Ndege walitoka kwenye mahindi. Yeye alinitengenezea utepe wa kofia yangu uliofunguka, tukaendelea kutembea.

Sisi tunakaa kwa umri, wakubwa mbele. Saloma, mke wa Mahlon, alikuwa mbele yetu benchi moja, mwanamke mwembamba ambaye sauti yake wengi tunaifahamu kwa kuimba tu. Mahlon alianza kuuliza. Ninayo. Ninayo. Alipomfikia mkewe wala sikusikiliza. Mke anaulizwa na mumewe kama ana amani, atajibu nini? Nilikuwa nimeshika sketi ya Lovina kama mtoto, nahesabu vichwa vilivyobaki kabla yake.

"Sina," Saloma akasema.

Mahlon alibaki ameinama. "Saloma," alinong'ona, "usifanye hivi."

"Nimechoka, Mahlon. Lovina peke yake ndiye anayesema kweli humu ndani, na leo tunamtenga kwa kosa hilo." Kisha alifanya jambo ambalo mwanamke hafanyi kwetu, akasimama bila kuitwa. "Yule jike alishachomoka na sisi kabla hajauzwa. Nilikuwa ndani ya kigari. Ni njia panda ileile, ni lori lilelile la maziwa. Mahlon alijua. Na mimi nilijua, nikanyamaza, nikala pai kwenye mazishi ya mtoto."

Mahlon alijinyoosha, akatazama huku na huku kama anatafuta mlango.

"Ni kweli," akasema. "Nilijua." Akakaa sakafuni palepale, kati ya mabenchi ya wanawake.

Alijua! Alikuja na askofu kumwonya mama wa marehemu kuhusu amani, akanywa kahawa yake, naye alijua! Nilitaka kumrukia. Lovina alisimama, akapita kando yake bila kumgusa, akatoka nje. Nilimfuata mbio. Nilimkuta nyuma ya zizi, ameangua hatamu ukutani na anaupiga ukuta kwa nguvu zote, mbao zinalia. Katika maisha yetu yote sikuwahi kumwona dada yangu akipiga kitu.

"Alijua, Dena! Alisimama kwenye uwanja wangu akijua! Akasema hata mtoto!" Akapiga tena. "Jino! Mimi nikamwombea jino!"

"Piga," nikamwambia. "Piga mpaka uchoke."

Enos akatokea, kofia mkononi, uso umesawijika. Alingoja hatamu ishuke.

"Dada Lovina, amepiga magoti tena. Sasa ameungama yote, hajaficha kitu. Kanisa liko tayari kusimama. Njoo usimame nao, tulimalize jambo hili."

"Mlimalize?" Nilikuwa nimeshaanza kukunja mikono ya gauni. "Ndugu Enos, haraka haraka haina baraka, na wewe haraka yako imeshatugharimu mwaka mzima. Kama mngemuuliza swali moja zaidi siku ile..."

"Dena," Lovina alinikatiza.

Sikumwona Mahlon akija. Alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya askofu, nyasi zimemshika magotini. Hakumtazama Lovina, alimtazama Enos.

"Usimharakishe," akasema. "Mimi neno moja la kweli limenichukua mwaka, tena nimevutwa na mke wangu. Yeye mwacheni aende kwa miguu yake. Wa kuondolewa mezani ni mimi."

Enos alivaa kofia yake, akarudi ndani bila Lovina. Mahlon aliachishwa ushemasi, neno la kumtenga Lovina halikusikika tena, na Meza ikangoja. Safari hii hata Elva aliosha birika bila mithali.

Msidhani Lovina alipona siku ile. Watu wanapenda hadithi za hivyo, ukweli umefunguka basi machozi, basi kukumbatiana. Wacheni hizo! Alirudi nyuma. Kesho yake zizini alikaa mbele ya ng'ombe muda mrefu kabla hajagusa chuchu, akaniambia, "Nimeanza upya. Niko kwenye ng'ombe." Theluji ilimkuta bado kwenye ng'ombe. Saloma akaanza kuja asubuhi, akishika ndoo bila kuulizwa, na siku nyingi tulikamua sote watatu. Siku nyingine Lovina alimwambia, "Leo nenda nyumbani, leo siwezi kukuona," na Saloma alikwenda, na kesho yake alirudi. Lilipofika jino, Lovina aliniambia. Alipolipita, hakuniambia. Niliona tu kwamba amekuwa akiinua kichwa anapomaliza kuomba.

Majani yakachipua. Baraza lilikaliwa kwenye karakana ya Ervin, na kwa kuwa hatukuwa na shemasi, mhubiri wa kanisa jirani ndiye aliyekuja kutuuliza wanawake. Mkate ulikuwa umeshapangiwa mwokaji, divai ilikuwa ghalani kwa Enos, na watu walikuwa na njaa ya Meza kwelikweli, si ile ya mdomoni. Mhubiri alimwinamia Lovina.

"Dada, una amani na Mungu na watu?"

Lovina alifikiri. Alifikiri kweli, mbele ya watu wote, kama mtu anayepapasa mfukoni kuona kama kitu bado kipo.

"Ya leo ninayo," akasema. "Ya kesho mniulize kesho."

Mhubiri alimgeukia Enos, hakujua kama jibu hilo linakubalika. Enos aliitikia kwa kichwa, akatoa leso. Upande wa wanaume Ervin alikuwa analia bila kuficha. Mhubiri akasogea hatua moja, akanifikia mimi.

"Dada Dena, una amani na Mungu na watu?"

Nilifungua mdomo niseme ninayo, kama nilivyosema maisha yangu yote. Macho yangu yakaangukia benchi la mwisho la wanaume. Mahlon alikuwa pale, kofia magotini, shavu limepona, amekonda. Na mimi nikaona mkono wake kwenye shingo ya yule jike, nikasikia sauti yake, nikahisi ile ndoo ya maji mkononi mwangu. Malori si kitu kwake. Nililisukuma lile ninayo, likakataa.

"Sina," nikasema.

"Mama yangu!" Elva aliropoka kwa sauti. Karakana nzima ikaguna. Mimi mwenyewe nilitamani sakafu inimeze, kwa sababu nilikuwa nimempokonya dada yangu mkate ambao alikuwa ameufikia kwa miguu yake, hatua kwa hatua, mwaka na nusu. Nilimgeukia nikitegemea kofi la maneno. Ningelistahili.

Lovina alinisogelea kwenye benchi mpaka mabega yakagusana. Alinishika mkono, akaniinamia sikioni.

"Anza na ng'ombe wake," akanong'ona.

Kwa hiyo mkitaka mtu wa kumsema mnadani, mwacheni Lovina, nisemeni mimi. Meza inangoja kwa ajili yangu. Enos amekuja mara moja tu, akanywa kahawa, hakuniuliza nitafika lini. Asubuhi naegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, nasaga meno, naomba. Ng'ombe wa Mahlon wote nimeshawaombea, na ndama wao. Saloma nimempita wiki iliyopita. Jino, bado.